Ofisi ya Umma, Anwani ya Kuazima



Tazameni kwa makini vibao vilivyosimama mbele ya ofisi za umma katika wilaya zetu: ofisi ya kaunti ndogo, shule ya sekondari ya serikali, kituo cha afya. Juu kabisa pana nembo ya taifa. Chini yake pana jina la ofisi kwa herufi kubwa, kisha sanduku la posta, kisha nambari ya simu. Mstari wa mwisho, mara nyingi mno, ni anwani ya barua pepe inayoishia kwa gmail.com au yahoo.com. Nembo ni ya taifa, jengo ni la taifa, mshahara wa anayeketi ndani ni wa taifa. Anwani peke yake ndiyo ya kuazima.

Wapita njia hawashtuki. Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la mafundi wa kompyuta, wala halimhusu mwananchi. Mimi nasema ni jambo la uraia kabla ya kuwa jambo la ufundi. Dai langu ni moja, nami nitalitetea hadi mwisho: ofisi ya umma haina ruhusa ya kimaadili kuandika barua za umma kutoka katika anwani ya binafsi, na raia anayo haki ya kudai desturi hiyo ikome. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anwani ya kuazima nayo haiisitiri ofisi, wala haimsitiri raia anayeiamini ofisi hiyo.

Hata hivyo, dai hili haliwezi kusimama ikiwa hatujui barua pepe inavyosafiri. Wahenga hao hao walisema usione vyaelea, vimeundwa. Basi na tuanze na uundaji.

Kaunta ya posta isiyoonekana

Wataalamu huigawa kazi ya mitandao katika matabaka. Tabaka la chini hushughulika na nyaya, minara na mawimbi. Juu yake lipo tabaka linalotafuta njia kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na juu ya hilo lipo tabaka linaloangalia kwamba vipande vyote vya data vimefika, tena kwa mpangilio wake. Tabaka la juu kabisa huitwa tabaka la matumizi. Hapo ndipo programu moja huzungumza na programu nyingine kwa lugha zilizokubaliana, na lugha ya namna hiyo huitwa itifaki. Matabaka ya chini ni barabara na gari la posta. Hayajali kilichoandikwa ndani ya bahasha. Tabaka la matumizi ni kaunta yenyewe ya posta, mahali panapoulizwa: barua hii yatoka kwa nani, nayo yaenda kwa nani?

Mnamo mwaka 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN katika mji wa Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta anayoitumia, akateua alama ya @. Uteuzi ule ndio uliotuachia muundo wa anwani tulio nao hadi leo. Kushoto kwa alama hiyo pana mtu au cheo. Kulia kwake pana nyumba anamopokelea barua. Nyumba hiyo huitwa kikoa. Zikumbukeni sehemu mbili hizo, kwa maana ugomvi wetu wote umo upande wa kulia.

Itifaki inayopeleka barua kutoka nyumba moja hadi nyingine huitwa SMTP, nayo ilielezwa katika waraka ulioandikwa na Jon Postel mwezi Agosti 1982. Tuseme mwanafunzi ameandika barua kwenda ofisi ya elimu, na kwa ajili ya mfano tuipe ofisi hiyo anwani ya elimu@wilaya.go.ug. Kwanza, programu iliyo katika simu ya mwanafunzi huikabidhi barua kwa seva ya kampuni inayomtunzia sanduku lake. Hapo huulizwa jina na nywila yake. Pili, seva hiyo huuliza DNS, ambayo ni daftari kuu la majina ya mtandao: je, barua za wilaya.go.ug hupokelewa na seva gani? Jibu la swali hilo huitwa rekodi ya MX. Tatu, seva ya mwanafunzi hubisha hodi kwa seva iliyotajwa, kwenye mlango wake nambari 25, na mazungumzo yakaanza.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Seva inayopokea hutamka 220, yaani ipo tayari. Mgeni hutamka HELO au EHLO na kujitaja jina. Mwenyeji hujibu 250, yaani sawa. Mgeni hutamka MAIL FROM na kutaja anwani ya anayetuma; hujibiwa 250. Hutamka RCPT TO na kutaja anwani ya anayepelekewa. Ikiwa sanduku lipo hujibiwa 250, ikiwa halipo hujibiwa 550. Kisha hutamka DATA, hujibiwa 354, naye huisoma barua nzima na kuimaliza kwa mstari wenye nukta moja tu. Akisha kupata 250 ya mwisho hutamka QUIT, na mwenyeji humwambia 221. Mwalimu wa lugha hawezi kukosa kuona kwamba haya ni maamkizi yetu ya kawaida: hodi, karibu, watoka wapi, wamtafuta nani, haya nimesikia, kwaheri.

Barua ikisha kupokelewa hukaa sandukuni. Afisa huichukua kwa itifaki nyingine. POP3 kwa desturi huishusha barua katika kompyuta ya msomaji na kuiondoa kwenye seva. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huiacha barua kwenye seva ili maafisa kadhaa au vifaa kadhaa viione. Tofauti hiyo haikosi maana kwa raia. Ofisi inayoshusha barua zake zote katika kompyuta moja ya mezani huzipoteza zote siku kompyuta hiyo inapoungua au kuibwa.

Jambo moja zaidi kuhusu lugha. Itifaki ya mwaka 1982 ilibeba herufi za ASCII peke yake, zile za Kirumi zisizo na alama za ziada. Kifaransa kilipoteza alama zake, na maandishi ya Kiarabu hayakuweza kupita yalivyo, hadi utaratibu wa MIME ulipotangazwa mwaka 1992. Kiswahili cha herufi za Kirumi kilipita tangu siku ya kwanza, hata ng' pamoja na ritifaa yake. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nanyi mnaojifunza lugha hii mna sababu ya kuziandikia ofisi kwayo. Suala ni kama ofisi hizo zina nyumba ya kuzipokea barua zenu.

Bahasha si barua

SMTP ilizaliwa katika jamii ndogo ya watafiti waliojuana. Kwa hiyo iliamini kila ilichoambiwa. Mgeni akitamka MAIL FROM na kutaja anwani isiyo yake, itifaki ya asili haikuwa na njia ya kumuumbua. Zaidi ya hayo, anwani inayotajwa katika mazungumzo ya seva ni ile ya bahasha, nayo msomaji haioni. Anachokiona msomaji ni mstari wa mtumaji ulio ndani ya barua yenyewe, na mstari huo huandikwa na mtumaji kama apendavyo. Ni sawa na mtu anayetumbukiza katika sanduku la posta barua yenye kichwa cha Ikulu. Posta itaifikisha, haikuulizwa kama ni ya Ikulu kweli.

Udhaifu huo umetafutiwa dawa tatu, na zote tatu hufanya kazi kwa jina la kikoa. Ya kwanza ni SPF: mwenye kikoa huandika katika DNS orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ya pili ni DKIM: seva ya mwenye kikoa huitia kila barua sahihi ya kidijiti kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuihakiki huwekwa hadharani katika DNS. Barua ikibadilishwa njiani, sahihi haikubali tena. Ya tatu ni DMARC: mwenye kikoa hutangaza kwamba jina linaloonekana na msomaji lazima lilingane na lililothibitishwa, na barua isiyolingana itengwe au ikataliwe. Dawa hizi zimekuwa sharti kwa watumaji wakubwa: tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe nazo zote tatu.

Sasa ulizeni: nani awezaye kuziweka dawa hizo? Jibu ni moja. Ni mwenye kikoa tu. Ofisi ya elimu yenye kikoa chake inaweza kuutangazia ulimwengu: barua isiyo na sahihi yangu si yangu, ikataeni. Ofisi yenye anwani ya gmail.com haiwezi kutangaza lolote, kwa sababu kikoa cha gmail.com si chake. Ni mpangaji asiye na mkataba katika nyumba ya watu.

Tapeli mwenye cheti safi

Hapa ndipo madhara yanapomfikia mtoto wa maskini. Chukueni kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayesubiri habari ya ufadhili wa masomo. Anapokea barua yenye nembo ya wilaya, iliyotoka katika anwani kama afisaelimu.wilaya na kuishia kwa jina la kampuni ya masanduku ya bure. Barua inamwambia amechaguliwa, ila atume ada ya usajili kwa simu kabla ya siku ya Ijumaa. Je, atajuaje kwamba ni ya uongo?

Mtasema teknolojia itamwokoa. La hasha. Tapeli alifungua sanduku hilo kwa dakika chache, kwa jina alilolipenda, na hakuna aliyemwomba barua ya uteuzi. Barua yake imetoka kweli katika seva za kampuni hiyo. Kwa hiyo SPF itasema sawa, DKIM itasema sawa, DMARC itasema sawa. Dawa zote tatu zitathibitisha kwa ukweli mtupu kwamba barua imetoka gmail.com. Hazikuulizwa kama aliyeiandika ni afisa wa elimu, na hazina namna ya kulijua hilo. Tapeli ana cheti safi.

Kijana angeweza kuokolewa na swali moja jepesi: je, anwani hii inaishia kwa go.ug? Rwanda huandika gov.rw, Kenya go.ke, Tanzania go.tz. Ni swali ambalo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuliuliza, na jibu lake li mbele ya macho. Lakini swali hilo halina maana katika wilaya ambayo ofisi halali nazo hutumia masanduku ya bure. Kijana ameiona anwani ya namna hiyo kwenye kibao cha shule yake, kwenye barua ya mkuu wa shule, kwenye tangazo la kituo cha afya. Amefundishwa na ofisi za umma zenyewe kwamba hivyo ndivyo serikali inavyoandika. Tapeli anavuna katika shamba lililolimwa na afisa mzembe. Kumwambia kijana huyo baada ya kuibiwa kwamba angepaswa kuwa mwangalifu ni kumwongezea msiba juu ya msiba.

Barua za nani?

Madhara ya pili hayana kelele, nayo ni makubwa zaidi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola au chombo chake, isipokuwa zile zinazoweza kuhatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 ikaeleza namna ya kuidai haki hiyo. Yasomeni tena maneno yale: zilizo mikononi mwa dola. Barua ya zabuni ya ujenzi wa darasa, iliyomo katika sanduku la bure lililofunguliwa na mtu mmoja kwa jina lake, nywila anayoijua yeye, na nambari ya simu yake ya mfukoni ndiyo ufunguo wa akiba: barua hiyo i mikononi mwa nani?

Afisa huyo akihamishwa, huondoka na sanduku. Akistaafu, hustaafu nalo. Akifariki, nywila huzikwa pamoja naye. Anayeingia ofisini hufungua sanduku jipya la bure, kibao hupakwa rangi upya, na historia ya ofisi huanza tena kutoka sifuri. Uganda inayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001. Mtunza nyaraka gani ataingia katika sanduku la mtu binafsi kuhifadhi barua za taifa?

Kampuni yenyewe haina deni na ofisi hiyo. Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti za binafsi zisizotumiwa kwa muda wa miaka 2 zaweza kufutwa pamoja na yaliyomo, na ufutaji huo ulikuwa uanze Desemba 2023. Akaunti za mashirika, kama vile shule na biashara, hazikuhusishwa. Hatuwezi kuilaumu kampuni. Ilifuta, au itafuta, kile ilichoambiwa kuwa ni cha mtu binafsi. Mwongo ni yule aliyetia mali ya umma katika sanduku la binafsi akakaa kimya.

Msidhani kwamba hili ni gonjwa la nchi maskini. Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani tangu 2009 hadi 2013, alifanya kazi ya wizara kwa anwani ya kikoa cha faragha, na seva yake ilikuwa nyumbani kwake katika jimbo la New York. Mwezi Desemba 2014 aliikabidhi wizara barua takribani 30,000. Nyingine zaidi ya 30,000 mawakili wake walizitenga wakisema ni za binafsi, nazo hazikukabidhiwa. Habari hizo zilipojulikana kwa umma mwezi Machi 2015, zilizua mabishano yaliyoendelea hadi uchaguzi wa mwaka 2016. Kuna wanaomtetea na kuna wanaomshutumu, na mkurugenzi wa FBI hakupendekeza ashtakiwe. Lakini somo la uraia halimtegemei yeye. Somo ni kwamba aliyechambua ipi ni barua ya umma na ipi si ya umma alikuwa upande wa mwenye sanduku, wala hakuwa mtunza nyaraka wa taifa. Kule, angalau, watu waliuliza. Kwetu afisa huchambua kila siku, na hakuna aulizaye.

Visingizio na majibu yake

Kisingizio cha kwanza ni kwamba huduma ya bure haikatiki, ilhali seva ya serikali huzimika kila umeme unapokatika. Anayesema hivyo hajaielewa rekodi ya MX. Jina na sanduku ni vitu viwili. Ofisi inaweza kuandika kwa kikoa chake cha go.ug, huku sanduku lenyewe likitunzwa na kampuni yoyote yenye mitambo imara, hata iwe ile ile inayogawa masanduku ya bure, ila safari hii kwa mkataba. Siku huduma ikiharibika au bei ikipanda, fundi hubadili rekodi ya MX, barua mpya zikaelekea seva nyingine, na kibao kilicho mbele ya ofisi hakiguswi. Uhuru huo hauna yule aliyepanga kwa jina la mwenye nyumba. Akihama, hupoteza na anwani.

Kisingizio cha pili ni fedha. Hiki nacho hakina miguu. Kikoa kimoja cha wilaya chaweza kugawanywa kwa ofisi zake zote bila kununua jina jipya kwa kila ofisi. Aidha, NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ina huduma ya barua pepe kwa ajili ya taasisi za serikali. Wilaya inayopata fedha za kuchapisha kalenda yenye picha za viongozi haiwezi kutuambia kwamba imekosa fedha za jina lake yenyewe.

Kisingizio cha tatu husemwa kwa sauti ya chini: sanduku la serikali litasomwa na wakubwa. Hofu hiyo naiheshimu, lakini inachanganya mambo mawili. Barua ya afisa kwa mkewe, kwa daktari wake au kwa wakili wake ni ya faragha, na mahali pake ni katika sanduku lake binafsi. Barua ya zabuni haikuwa yake hata siku moja. Nao wanaoikimbilia kampuni ya ng'ambo wakitafuta stara wajue kwamba sheria ya Marekani ya mwezi Machi 2018, iitwayo CLOUD Act, inazilazimu kampuni zilizo chini ya mamlaka ya nchi hiyo kutoa data zilizo mikononi mwao zinapopokea amri halali, hata kama data hizo zimehifadhiwa nje ya Marekani. Aliyekimbia kusomwa na mkubwa wake amekwenda kukaa chini ya sheria ambayo wala yeye wala mkubwa wake hakuipigia kura. Ofisi ikiamua kutumia kampuni ya nje, na iamue ikiwa macho wazi, kwa mkataba unaoweza kusomwa na bunge. Kujibanza uani kwa watu si uamuzi.

Kisingizio cha nne ndicho cha kisasa zaidi: siku hizi mambo yote ni WhatsApp. Hapa ndipo elimu ya itifaki inapotufaa. Barua pepe haina mwenye nyumba mmoja. Seva yoyote inayojua kutamka HELO na MAIL FROM yaweza kuandikiana na seva nyingine yoyote duniani, na mtu wa kampuni hii humwandikia mtu wa kampuni ile bila kuomba ruhusa. WhatsApp ni nyumba ya kampuni moja, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014, na kwa desturi yake nambari ya simu ndiyo utambulisho wa mtu. Ni chombo kizuri cha kuulizana hali na kukumbushana kikao. Lakini ofisi inayopokea malalamiko kwa WhatsApp tu imemlazimisha raia kuwa mteja wa kampuni fulani kabla ya kuwa raia, na imeyaacha malalamiko hayo katika simu ya afisa, simu ambayo yaweza kuanguka kisimani.

Nitamke wazi kwamba simlaumu raia anayetumia sanduku la bure. Mwanafunzi, mkulima na mchuuzi wana haki ya kuandika kutoka popote. Wao hawasemi kwa niaba ya taifa. Wala sisemi kwamba anwani ya go.ug humfanya afisa kuwa mwaminifu. Mwizi aweza kuandika kutoka katika kikoa halali. Lakini akifanya hivyo barua yake ina sahihi ya ofisi, imebaki katika sanduku la ofisi, na anayemfuata kitini aweza kuisoma. Ushahidi unao mahali pa kukaa.

Wajibu wetu

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Taifa linalotegemea masanduku ya hisani kutunza maneno yake rasmi linajifukarisha kumbukumbu, nazo kumbukumbu zikiisha, raia hana tena cha kumwonyesha hakimu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 imekwisha kukubali kwamba maandishi ya kielektroniki hayakosi nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ikiwa barua pepe ni barua mbele ya sheria, basi na itunzwe kama barua: katika jalada la ofisi, kwa jina la ofisi.

Nanyi mnao wajibu. Mnapopokea barua inayodai kutoka serikalini, someni kwanza upande wa kulia wa alama ya @, kabla ya kuisoma nembo. Anwani ikiishia kwa jina la kampuni, msitume fedha wala nakala ya kitambulisho. Nendeni ofisini kwa miguu mkaulize. Na mkifika ofisini, iwe barua ni ya kweli au ya uongo, mwulizeni afisa kwa adabu: Mheshimiwa, mbona ofisi yetu haina anwani yake? Kisha liandikeni swali hilo kwa Kiswahili sanifu, mlipeleke kwa mkuu wa utawala wa wilaya, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Afisa aweza kulipuuza swali la mtu mmoja. Maswali ya darasa zima, yaliyotiwa mhuri, ni vigumu kuyapuuza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tafuta anwani za barua pepe za ofisi tano za umma zilizo karibu nawe. Ngapi zina kikoa cha serikali, na ngapi zina kikoa cha kampuni?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini SPF, DKIM na DMARC haziwezi kumzuia tapeli aliyefungua sanduku la bure kwa jina la ofisi.

3. Andika barua rasmi isiyozidi maneno 200 kwa mkuu wa shule au mkuu wa wilaya, ukimwomba ofisi yake iwe na anwani ya umma. Zingatia anwani mbili, tarehe, maamkizi ya heshima, kiini cha barua na tamati.